Barua ya wazi kuhusu kiungo cha mlango wa gereji kinachosaga vidole

Kwa wenye viwanda vya milango ya gereji, wasanifu mnaotia saini michoro yake, wajumbe wa kamati za viwango, na wakaguzi mnaopitisha majengo,

Salamu kwenu.

Tunawaandikia kuhusu mstari mmoja tu wa mlango: ule wa kulala, pale paneli moja inapokutana na ya juu yake. Mlango wa gereji wa paneli, ule unaopanda kwa reli na kwenda kulala chini ya dari, mara nyingi una paneli nne au tano, kwa hiyo mistari hiyo ni mitatu au minne. Mlango ukiwa umefungwa, mstari huo ni alama tu kwenye bati. Mlango ukipanda, unafunguka kama kinywa, ukishuka, unafumba. Kidole kikiwamo, kinasagwa.

Ombi letu ni hili: kiungo kisichoingiza kidole, kwa nje na kwa ndani, kiwe sharti la mlango wowote mpya kuuzwa na kufungwa. Kisiwe nyongeza ya toleo la bei ya juu. Namna ya kukitengeneza inajulikana, na milango yenye viungo hivyo iko sokoni tayari. Kinachotuuma ni kwamba ile mingine, yenye kingo bapa, bado inatoka viwandani na kupitishwa, ikiwa na stika ya onyo mahali palipostahili kinga.

Tuanze na hesabu, maana mchoro ukifika mezani ni hesabu inayosikilizwa. Chukueni paneli yenye kimo cha milimita 533 na unene wa milimita 40, kwenye reli ambayo kona yake ina nusukipenyo cha milimita 381. Bawaba ziko upande wa ndani, na pini, yaani egemeo, iko usawa wa uso wa ndani wa paneli. Kiungo kikifika katikati ya kona, paneli ya juu imekaribia kulala na ya chini bado imekaribia kusimama. Mkunjo kati yao ni takriban nyuzi 66. Kwa kuwa egemeo liko ndani, upande wa nje ndio unaoachana, na mwanya wake ni mara mbili ya unene ukizidishwa kwa saini (ile ya hesabu za pembe, sine) ya nusu ya mkunjo: milimita 44 hivi. Kona ikiwa ya kubana zaidi, ya nusukipenyo cha milimita 305, mkunjo unafika karibu nyuzi 71 na mwanya milimita 46. Paneli nene ya milimita 50, inayopendwa kwa kuhifadhi joto, inafikisha mwanya wa milimita 54 kwenye kona ile ya kwanza. Kila tunaponenepesha paneli na kuacha kingo zake bapa, tunapanua kinywa.

Vidole vinne vya mtu mzima vinaingia humo bila kugusa upande wowote. Hapo bado hakuna maumivu. Kiwango cha ISO 13854 kinataja milimita 25 kuwa upana mdogo kabisa ambao kidole kinaweza kuwamo bila kupondwa. Chini ya hapo kidole kimeshikwa. Chini ya milimita 8, kidole kilichokuwa nje hakiingii tena, lakini kilichotangulia kuingia hakitoki. Eneo la hatari ni kati ya namba hizo mbili. Kwenye mlango wetu wa mfano, mwanya unapungua kutoka 25 hadi 8 wakati mlango umesogea kama milimita 240 tu. Mota inayoshusha mlango kwa milimita 180 kwa sekunde inamaliza safari hiyo kwa sekunde 1.3. Mtu aliyeshtuka anahitaji sehemu kubwa ya muda huo kutambua tu kinachotokea.

Jambo la pili ni mahali. Kiungo hunyooka kabisa pale bawaba ya juu ya paneli husika inapoingia kwenye reli ya wima. Kona huanzia karibu na kimo cha mlango wenyewe, kwa hiyo kwenye mlango wa nyumba wa kama mita 2.1 kila kiungo hufumba kikiwa mita 1.4 hadi 1.6 kutoka sakafuni, kimoja baada ya kingine, mahali pale pale. Hicho ni kimo cha bega la mtu mzima. Ni kimo cha mkono wa mtoto aliyebebwa. Ndicho pia kimo ambacho mkono hujiendea wenyewe ukitaka kushusha mlango usio na kishikio.

Uangalieni mkono huo kwa karibu. Mtu amesimama nje, mlango umefika nusu, paneli inayomtazama ni laini kama ubao wa kuandikia. Kiganja kinateleza juu ya bati, vidole vinatafuta pa kushika, na pa kushika ni pamoja tu: ule ufa. Pingili za kwanza za vidole vitatu au vinne zinaingia, dole gumba linabaki nje likisukuma, na mtu anavuta kwenda chini. Anavuta kwa mkono ule ule ambao mlango unaenda kuufumba. Kadiri anavyovuta kwa nguvu ndivyo ufa unavyofumba upesi. Hajakosea kwa namna ya kushangaza. Mlango wenyewe umempa mahali pamoja pa kushika, na mahali hapo ni mdomo wa mtego.

Nguvu inayopatikana hapo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mlango ukisogea milimita 240 na mwanya ukapungua milimita 17, kani inazidishwa mara 14 kwa wastani. Nyutoni 70 za kuvuta, sawa na kubeba ndoo ndogo ya lita saba, zinakuwa karibu nyutoni 1,000 kwenye kidole. Katika milimita 8 za mwisho hali ni mbaya zaidi: mlango unasogea kama milimita 290 ili kuzifumba, na uzidisho unapita mara 36. Hapo nyutoni 30 tu zinatosha kufikisha 1,000. Kiwango cha Ulaya cha milango ya mota, EN 12453, kinaruhusu kwenye ukingo unaofunga, kwa mianya ya milimita 50 hadi 500, kani isiyozidi nyutoni 400, tena kwa muda usiozidi sekunde 0.75. Kiungo cha paneli kinapita kikomo hicho zaidi ya mara mbili, huku mlango mzima ukionekana mwepesi kwa sababu springi zimebeba uzito wake.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini kinga za mota haziokoi kidole. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 na kiwango cha UL 325 viliifanya mota ya nyumbani igeuze mlango ndani ya sekunde 2 baada ya kugusa kizuizi, na tangu 1993 mota mpya zikatakiwa ziwe na kinga ya ziada, ambayo kwa kawaida ni macho ya mwanga, yaani vihisi vya mwale, yanayowekwa yasizidi milimita 150 kutoka sakafuni. Ni kinga nzuri, na zimeokoa watoto wasinaswe chini ya mlango. Lakini jicho lililo karibu na sakafu halioni kitu kilicho kimo cha bega. Na mota inayosubiri kuhisi kizuizi itahisi nini? Kidole kinachopondwa kwa nyutoni 1,000 kinairudishia nyutoni 70, au 30 kikiwa mwishoni. Msuguano wa rola zilizokauka mafuta unafika hapo. Fundi akikaza mota ihisi nyutoni 30, mlango utageuka kila upepo ukivuma, na mwenye nyumba atailegeza siku ya pili. Kwa hiyo mtengenezaji anayesema mlango wake ni salama kwa vidole kwa sababu una mota yenye kihisi, anajibu swali ambalo hajaulizwa.

Dawa iko kwenye umbo la kingo, na inafaa iamuliwe siku ya kuchora roli za kukunjia bati. Baada ya hapo kila kitu ni kiraka.

Ukingo wa juu wa paneli ya chini uwe na tao, na kitovu cha tao hilo kiwe ndiyo pini ya bawaba. Ukingo wa chini wa paneli ya juu uwe na mdomo unaopita juu ya tao hilo bila kulikaribia wala kuliacha. Paneli zikikunjana, mdomo unateleza juu ya tao na mwanya unabaki ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho wa safari. Hakuna kinachofunguka, kwa hiyo hakuna kinachofumba. Kwa paneli ya milimita 40 yenye egemeo usawa wa uso wa ndani, nusukipenyo cha tao ni kama milimita 40. Mkunjo mkubwa ni nyuzi 66 hadi 71, basi tao lifunike nyuzi 75 ili kuwe na akiba. Urefu wa upinde wake ni milimita 52 hivi, na paneli ya juu lazima iwe na uwazi ndani wa kuupokea upinde huo mlango ukinyooka. Hapo ndipo wabana gharama wanapokata: wanafupisha tao liwe la nyuzi 40 au 45, mlango unaonekana salama ukiwa dukani umesimama, kisha katikati ya kona mdomo unapita mwisho wa tao na shimo linatokea. Shimo la namna hiyo ni baya kuliko la ukingo bapa, kwa sababu mtumiaji ameshaambiwa mlango hauna shimo.

Mwanya kati ya mdomo na tao tunapendekeza uwe milimita 4 mlango ukiwa mpya, na usizidi 6 baada ya kuchakaa. Kwa nini si 8 kamili? Kwa sababu 8 ni ukomo, na ukomo haupangwi kuwa kipimo cha kawaida. Bati lina tofauti zake za kukunjwa, tundu la pini linapanuka, na kidole cha mtoto mchanga ni chembamba.

Mdomo wenyewe usiwe ncha ya bati iliyokunjwa mara moja. Uviringwe kwa nusukipenyo cha milimita 2 hadi 3, na uso wake wa mbele ukutane na tao kwa pembe iliyo wazi, karibu mraba au zaidi. Mdomo wa namna hiyo ukikuta kidole juu ya tao, unakisukuma nje. Ukichongoka na kukutana na tao kwa pembe kali, unakuwa kabari: unakivuta ndani. Michoro miwili inaweza kuwa na mwanya ule ule wa milimita 4 na mmoja ukawa salama, mwingine ukawa mkasi. Tunawaomba sana wanaopitisha michoro waangalie pembe hii, kwa sababu namba ya mwanya peke yake haiioni.

Wako wasanifu waliojaribu njia ya mkato: kuipeleka pini katikati ya unene wa paneli, ili tao lipungue liwe la nusukipenyo cha milimita 20 na upinde wa milimita 26 tu. Inavutia, bati linalotumika ni dogo na ukingo ni rahisi kukunja. Lakini sasa upande wa ndani unazuia mkunjo, na lazima uchongwe mfereji wa pembetatu ili paneli zipate nafasi ya kukunjana. Mfereji huo una upana wa milimita 26 hivi mlango ukiwa umefungwa, na unafumba mlango unapopanda. Hatari imehamishwa kutoka nje kwenda ndani, na kutoka wakati wa kufunga kwenda wakati wa kufungua. Anayefanya hivyo ni lazima aufunike mfereji wa ndani kwa tao la pili. Asipofanya hivyo, arudi kwenye mchoro wa kwanza.

Upande wa ndani una mambo yake hata egemeo likiwa mahali pake. Bawaba nyingi pini yake inasimama mbele kidogo ya uso wa paneli. Kila milimita ya kusimama inafungua mwanya wa ndani wa zaidi ya milimita moja kwenye kona. Pini ikisimama milimita 6, mwanya wa ndani unafika 6.5, bado tuko chini ya 8. Ikisimama 10, unafika karibu 11, na tumeingia eneo la hatari. Basi milimita 6 ndiyo iwe mwisho. Na bawaba yenyewe isiwe na matundu makubwa wala masikio yanayopishana kama mkasi. Bamba lake liviringe kuzunguka pini na kufunika.

Kipande cha raba kinachobandikwa kwenye kiungo tunakikataa kisiwe kinga pekee. Raba inazuia maji na upepo, kazi hiyo inaiweza. Lakini jua linaikausha, baridi inaikakamaza, inachanika pembeni kwanza, na kabla haijachanika inafanya jambo baya zaidi: inaficha shimo, kidole kinaingia kikiisukuma. Kiungo kipimwe raba ikiwa imeng'olewa.

Pembeni tutapita haraka. Mahali rola inapoingia kwenye reli panaweza kukata kidole, na suluhisho ni reli iliyozibwa kwa fremu upande wa mkono, na mwisho wa paneli wenye kifuniko. Kebo ipite ndani ya fremu hiyo. Bamba la chini linaloshika kebo limebeba mvuto wa springi wakati wote mlango umefungwa, kwa hiyo skrubu zake ziwe za aina isiyofunguka kwa bisibisi ya kawaida, na zipakwe rangi nyekundu. Viwango vya Ulaya huangalia hasa sehemu zilizo chini ya mita 2.5, kimo ambacho mkono unafika. Kipimo hicho kinafaa popote.

Vishikio havichukui nafasi ya kiungo salama, lakini mlango salama usio na kishikio bado unamwacha mtu akitafuta pa kushika. Kiwepo kimoja nje na kimoja ndani, kwenye paneli ya chini, mbali na mstari wa kiungo. Cha nje kiwe kimezama kwenye bati au chembamba, kwa sababu paneli ya chini ikimaliza kupanda inasimama karibu na linta, na kishikio kilichotokeza kinaweza kuubana mkono uliosahauliwa hapo. Kamba ya kuvutia inafaa mlango wa mkono. Ikifungwa mota, kamba itolewe siku hiyo hiyo. Mtoto hunaswa nayo mlango ukipanda. Mapambo nayo: mifereji ya kulala iliyochorwa kwenye uso wa paneli, ikiwa karibu na kiungo na ina kina cha kutosha kucha, inamfundisha mtu kwamba mstari wa kulala ni mahali pa kushika. Isogezwe mbali au isiwepo.

Sasa vitu vinavyoharibu kiungo kilichochorwa vizuri.

Jua ni la kwanza. Paneli ya bati mbili zenye povu katikati, uso wa nje ukiwa wa rangi nyeusi na ukapata joto nyuzi 40 zaidi ya wa ndani, inajipinda. Kwa mlango wa upana wa mita 5 na unene wa milimita 40, isipozuiwa na kitu, tumbo lake katikati linaweza kufika milimita 37. Viimarisho na bawaba za katikati vinapunguza, haviondoi. Paneli iliyoko juani ikikutana na iliyotoka kivulini chini ya dari, mwanya pembeni utakuwa sawa na katikati utakuwa tofauti. Anayepima pembeni peke yake amepima mahali ambapo rola zinamfichia kosa.

La pili ni ufungaji. Bawaba za pembeni hugongwa namba: 1 kwa kiungo cha chini, kisha 2 na 3 kwenda juu, kwa sababu reli ya wima inainamia ndani kidogo kadiri inavyopanda ili mlango uachie fremu. Fundi akichanganya namba, rola zinabana. Mara nyingi dawa ya haraka ni kuweka washa, yaani vipete bapa vya chuma, chini ya bawaba. Washa za milimita 4 zinaihamisha pini milimita 4 kutoka kwenye kitovu cha tao, na mwanya wa nje ulioanza na milimita 4 unafika 8 na zaidi katikati ya kona. Mlango utapanda na kushuka bila kelele, na mwenye nyumba atafurahi, lakini kinga imeondoka. Kitabu cha ufungaji kiseme waziwazi: bawaba haiongezwi washa, na namba ya bawaba ionekane baada ya kufungwa.

La tatu ni ukarabati. Gari likigonga paneli moja, inatafutwa nyingine yenye upana na rangi inayofanana. Rangi inafanana, ukingo haufanani. Tao la kiwanda kimoja likikutana na mdomo wa kingine, kinachopatikana ni mwanya usiojulikana na mtu yeyote. Kila mlango uwe na kibati cha kudumu upande wa ndani chenye modeli, mwaka na alama ya umbo la ukingo, na muuzaji wa paneli ya kubadilisha alazimike kulinganisha alama hiyo.

Kuhusu upimaji, tunaomba kamati za viwango ziandike jaribio ambalo fundi yeyote anaweza kulirudia. Marekani tayari ina ANSI/DASMA 116, kiwango mahususi cha mahali paneli zinapokutana. Ulaya ina EN 12604 kwa upande wa mitambo. Kazi ya kufikiri imeshaanza. Tunachotaka kiongezwe ni ukali wa utaratibu. Mlango wenye paneli nne una viungo vitatu. Kila kiungo kipimwe pembeni pote pawili na katikati, nje na ndani: mahali 18. Mlango usogezwe kwa hatua za milimita 100 katika safari yote ya kila kiungo kwenye kona, kupanda na kushuka, na kila hatua fimbo ya milimita 8 ijaribu kuingia. Ikiingia popote, mlango umeanguka jaribio. Kisha mlango uendeshwe mfululizo huku fimbo ya mbao laini imegemezwa kwenye kiungo kwa mkono mwepesi, kwa kutumia kishikio kirefu. Ikisukumwa nje bila alama, pembe ya mdomo ni nzuri. Ikitoka na meno ya kubanwa, mdomo ni kabari hata kama fimbo ya kwanza haikuingia.

Halafu jaribio lote lirudiwe baada ya mizunguko 10,000. Hatukuiokota namba hiyo. Ndiyo makadirio ya kawaida ya maisha ya springi za mlango wa nyumba, na mlango unaofunguliwa na kufungwa mara nne kwa siku unaifikia kwa karibu miaka saba. Springi itabadilishwa, lakini bawaba na kingo zitabaki zile zile, kwa hiyo siku hiyo ndiyo siku ya kujua tundu la pini limepanuka kiasi gani. Mlango mmoja kati ya iliyopimwa uwe mweusi, na upimwe uso wake wa nje ukiwa umepashwa joto.

Wakaguzi wa majengo hamhitaji maabara. Fimbo ya chuma ya milimita 8, tochi, na robo saa vinatosha. Zimeni mota, vuteni kamba ya kuiachanisha mlango ukiwa umefungwa, inueni kwa mkono hadi nusu. Mlango uliosawazishwa vizuri unakaa hapo karibu bila kushikwa. Ukikimbia kwenda chini, springi zina kasoro na viungo vitafumba kwa kasi ambayo hakuna mkono utakaoikwepa, basi ukaguzi uishie hapo hadi zirekebishwe. Ukikaa, pitisheni fimbo kwenye kila kiungo kilicho konani, nje kisha ndani, na kumbukeni katikati. Andikeni matokeo kwenye fomu kwa kiungo na kwa upande. Neno "sawa" peke yake halitoshi.

Kwa milango iliyokwisha kufungwa majumbani yenye kingo bapa, hatudai ing'olewe yote. Tunadai watengenezaji wake watoe bila malipo vishikio viwili na skrubu zake kwa kila mlango waliouuza bila vishikio, pamoja na karatasi inayoonyesha vinapofungwa. Stika ibaki, lakini ibandikwe kwenye kiungo chenyewe, upande wa nje, kwa picha na si maneno matupu. Ile iliyobandikwa ndani karibu na dari haisomwi na mtu aliyesimama nje akivuta. Na mlango huo ukihitaji paneli mpya zaidi ya mbili, ubadilishwe wote kwa wenye kiungo salama.

Kwa wanaonunua milango kwa wingi kwa ajili ya nyumba za kupangisha, vituo vya zimamoto au karakana, ombi ni fupi zaidi. Andikeni kwenye mkataba: tao la nyuzi 75, mwanya usiozidi milimita 4 mlango ukiwa mpya na 6 baada ya mizunguko 10,000, pini isiyosimama zaidi ya milimita 6 kutoka uso wa ndani, kipimo kichukuliwe bila raba. Mistari minne. Mwenye kiwanda akisema haiwezekani, mwombeni awaonyeshe mchoro wa ukingo wake kwa kipimo halisi, mchukue bikari, mweke ncha kwenye pini na kuzungusha. Kalamu ikiufuata ukingo, ana mlango salama na hajui. Ikiuacha, mtaona kwa macho yenu mahali kidole kitakapoingia.

Wenu,
Mafundi na wasanifu wa milango ya gereji